Kondoo wa Kanada

Bwana Dugali hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikishaanza kusema mengine nitalisahau. Jina lake halisi lilitushinda ulimi, sisi watu wa Gorong'a tukalilainisha hivyo, naye alicheka sana alipoambiwa kwamba tumemweka jirani na ugali. Alikuwa msimamizi wa mgodi mdogo wa dhahabu uliokuwa mlimani juu yetu, na kwao ni nchi inayoitwa Kanada. Mwenzake, Bwana Nilsi, fundi wa mashine ya kutoboa mwamba, alitoka Swideni. Wote wawili weupe, wote wawili wanakunywa kahawa chungu bila maziwa, tukadhani ni ndugu wa ukoo mmoja. Kumbe hata kidogo.

Nchi hizo zina mchezo wa magongo unaoitwa hoki. Wanaume wanavaa viatu vyenye visu chini ya soli, wanateleza juu ya maji yaliyoganda, wanagombea kisahani cha mpira ili wakiingize golini. Mume wangu Nyangwine, aliyekuwa akifanya kazi mgodini pamoja na kaka yangu Heche, aliponieleza habari hiyo nilimwambia asinifanye mtoto. Barafu niliyoijua mimi ni ile ya mvua ya mawe, inayoangusha mahindi na kuyeyuka kabla hujaiokota. Mtu mzima atasimamaje juu yake?

"Wanasimama, Ghati," akasema Nyangwine, "na wanapigana."

Kila mwaka mataifa yao hukutana kutafuta bingwa wa dunia. Mwaka hamsini na tatu bingwa alikuwa Swideni, na Bwana Dugali akasema ni kwa sababu Kanada haikwenda. Mwaka uliofuata Kanada ilikwenda, na mashindano yakafanyika huko huko Swideni. Bwana Dugali alilala na redio yake kama mama na mtoto mchanga. Kanada ikawafunga Waswideni mabao manane kwa sifuri, na siku hiyo wafanyakazi wote waligawiwa sigara. Kisha ikaja siku ya mwisho, wakakutana na Warusi, watu ambao ilisemekana wameanza mchezo huo juzi tu. Warusi wakawafunga Kanada saba kwa mbili.

Nyangwine alisema Bwana Dugali alikuja kazini macho mekundu, hakula mpaka jioni. Wafanyakazi wetu ni Wakurya, wanajua msiba wakiuona, wakavua kofia zao na kumpa pole. Bwana Nilsi hakutoa pole. Alisema, "Sisi, Warusi walishindwa kutufunga. Tulitoka nao sare, bao moja kwa moja. Ninyi wakubwa wa hoki, mabao saba!" Akarudia maneno hayo kesho yake na keshokutwa, wakati wa kahawa na wakati wa kulipua mwamba, mvua zikaja zikaisha, ulezi ukakomaa, bado anasema. Mtu akichokozwa hivyo mwisho wake unajulikana. Bwana Dugali akasema, basi, tucheze hapa hapa, Kanada na Swideni, tuone.

Barafu wataipata wapi? Hapo ndipo akili yao ilipotua kwenye uwanja wa kupuria ulezi. Mzee Mokami, mkubwa wa ritongo, yaani baraza la wazee wa ukoo wetu, alikuwa na uwanja mpana kuliko wote, umesiribwa kwa mavi ya ng'ombe mpaka umekuwa laini kama sahani. Ukimwaga makapi ya ulezi juu yake na kuvaa kandambili za tairi, unateleza upende usipende. Mzee Mokami aliombwa, akakubali, akapewa ugoro wa kopo. Naomba hilo likumbukwe, maana baadaye alikaa kwenye kigoda chake kana kwamba uwanja ulikuwa wa mtu mwingine.

Wafanyakazi wakagawanywa. Bwana Dugali akamchukua Heche kwa sababu alikuwa na mabega mapana. Bwana Nilsi akamchukua Nyangwine kwa sababu ya mbio zake. Kanada wakafungwa kitambaa chekundu kifuani, Swideni cha manjano. Hakuna aliyeuliza kama wawili hao wanaweza kusimama pande mbili.

Kwa kweli hawakuweza. Heche na Nyangwine walikuwa saro moja. Walitahiriwa siku moja, mmoja akifuatana na mwenzake, damu yao ikadondoka mahali pamoja. Kwetu watu hao ni zaidi ya waliozaliwa tumbo moja. Mimi mwenyewe niliolewa kwa ajili ya urafiki huo: Heche alinisifia kwa Nyangwine mpaka mwenzake akaamini najua kupika. Na sheria yao ni moja, kila mtoto anaijua. Ukimwaga damu ya mwenzako wa saro, hata kwa bahati mbaya, huli naye chungu kimoja wala hukanyagi bomani kwake mpaka achinjwe kondoo, mpakwe wote wawili mavi ya tumboni mwake, mle nyama pamoja. Ukikanyaga kabla ya hapo, unamwua.

Usiku wa kuamkia mchezo walikula kwangu, wakitaniana. "Wewe Mswideni, nipitishie mboga," Heche anasema. Nyangwine anajibu, "Kanada mlizoea kufungwa, sasa mnaomba na mboga?" Nilicheka mpaka nikaweka bakuli chini. Nilikuwa na furaha siku hiyo, na ninaikumbuka kwa uchungu kuliko siku ya msiba wenyewe.

Siku ya mchezo mlima wote ulihamia kwa Mokami. Hata wenye maduka walikuja kutoka Tarime mjini. Wanawake tulipiga vigelegele kwa ajili ya nchi ambazo hatungeweza kuonyesha ziko upande gani wa jua. Mimi nilipiga kelele "Swideni! Swideni!" nikimzomea kaka yangu mwenyewe, naye akinitolea ulimi akipita. Watu walianguka, wakainuka wamejaa makapi, wakaanguka tena. Nyangwine alifunga mabao mawili. Kanada nao wakafunga mawili.

Bwana Nilsi akapaza sauti kutoka upande wake, "Saba kwa mbili! Mnakumbuka?" Alisema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. Nilimwona Bwana Dugali akibadilika uso. Alimwita Heche, akamshika bega, akampigapiga hapo begani na kumwonyesha Nyangwine kwa kidole. Bega ndilo alilokuwa akimfundisha siku zote za mazoezi. Katika hoki yao mtu mwenye kisahani unaruhusiwa kumkumba.

Heche alimkumba. Sidhani kama alitumia nusu ya nguvu zake. Lakini makapi yalikuwa mengi, Nyangwine akaruka nje ya uwanja, kichwa kikakuta mawe yaliyopangwa pembeni. Niliisikia sauti yake nikiwa mbali. Damu ikatoka puani na sikioni. Heche alikuwa wa kwanza kufika, akanyoosha mikono kumwinua, halafu akaiona ile damu na mikono ikabaki hewani. Alianza kurudi nyuma. Mtu mkubwa vile, anarudi nyuma huku analia.

Mchezo ukaishia hapo.

Nyangwine akapelekwa hospitali kwa lori la mgodi. Daktari akasema damu imevujia ndani ya kichwa, hakuna la kufanya, ama atapona mwenyewe ama hatapona. Akarudishwa nyumbani. Mkono na mguu wa kulia havikusogea tena, ila akili ilikuwepo, na alichokitaka ni kimoja tu.

"Heche yuko wapi?" aliniuliza. "Mwambie achinje kondoo aje."

Heche alikuwa na kondoo tayari siku ya pili. Alimpeleka mbele ya ritongo, langoni kwa zizi la Mokami, na nilikuwepo nimesimama na wanawake. Ilipaswa kuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini Mzee Mokami ni mtu wa kuchambua. Akavuta ugoro, akamwita Heche mura, yaani kijana, akauliza:

"Mura, siku ile nani alikutuma kupiga?"

"Bwana Dugali, tata," akajibu, kama anayemjibu baba.

"Ulipiga kwa jina la nani?"

Heche akakaza kamba ya kondoo. Wazee wakamgeukia Athanas, karani wa mgodi, aliyesoma misheni na kupenda kueleza mambo. "Hiyo Kanada waliyokuwa wanaitaja," Mokami akasema, "ni ukoo wa nani?"

"Ni taifa, mzee wangu. Watu wengi kuliko sisi na Wajaluo na Waikoma tukijumlishwa. Wanachagua vijana, wanawavika rangi moja, wanawapeleka wakashindane. Vijana hao wakipiga, Kanada imepiga. Wakipigwa, Kanada imepigwa, hata mabibi waliobaki nyumbani wanalia."

"Basi Heche alipompiga mwenzake, ni nani aliyepiga?"

Athanas alijikuna. Ningekuwa karibu ningemziba mdomo. "Kwa namna hiyo," akasema, "ni Kanada."

Wazee wakanong'onezana, na Mokami akatoa neno. Mkono ni wa Heche lakini jina lilikuwa la Kanada. Kondoo akitolewa na asiyehusika, damu haiondoki, inaongezeka. Kwa hiyo mwenye jina alete kondoo wake, amshike mwenyewe mguu, asimame peku mbele ya ritongo aseme, sisi Kanada tumemwaga damu. Mpaka hapo Heche atakaa nje ya boma la Nyangwine.

"Tata, yeye anakufa!" nilipiga kelele. Mwanamke hasemi pale, lakini nilisema. Wakanitazama tu.

Athanas akaupeleka ujumbe mgodini, na Bwana Dugali akajibu kwa upole. Anasikitika sana. Gharama za daktari atalipa yeye, na blanketi akazituma siku hiyo hiyo, nzuri, nzito. Lakini kondoo wa kukiri kosa hatoi, kwa sababu hakuna kosa. Kukumba kwa bega ni halali katika sheria za hoki. Mchezo ukiisha watu wanashikana mikono na yameisha. Nikamwuliza Athanas kama hakumweleza vizuri.

"Nilimweleza, mama. Karibu akubali. Lakini Bwana Nilsi alikuwepo, akasema, 'Kaombe radhi, ndivyo mnavyocheza ninyi Kanada, kila mahali kwa mabavu.' Bwana Dugali akafunga mlango hapo hapo."

Nilitamani kuwakamata wote wawili kwa masikio. Mume wangu amelala upande mmoja umekufa, na wao bado wako Swideni, wanabishana juu ya barafu.

Heche akaanza kuja kila jioni. Alisimama nje ya lango, kwenye njia ya ng'ombe, na kuita, "Mura!" Nyangwine naye kutoka kitandani aliita, "Mura!" Mwanzoni walizungumza hivyo, kwa kupaziana sauti, na majirani wote walijua habari zao. Waliongea juu ya ndama, juu ya vichekesho vya mgodini, juu ya siku za saro walipokuwa wakijificha kuiba asali ya mjomba wetu. Kisha sauti ya Nyangwine ikadhoofika. Ikawa mimi ndiye ninayechukua maneno. Nainama kitandani, nasikiliza, nakwenda langoni, nasema. Heche anajibu, narudi. Maneno mengine yalikuwa ya kijinga kabisa, na niliyabeba kama nilivyopewa. "Mwambie kichwa chake kilikuwa laini tangu zamani." "Mwambie nikipona nitamkumba mpaka Musoma." Nilikuwa nacheka njiani kutoka mlangoni mpaka langoni, na nikirudi nalia.

Siku moja Nyangwine aliniambia, "Ghati, nataka anipe maji yeye. Kwa mkono wake. Basi."

Neno hilo sikulifikisha langoni. Nililipeleka mgodini.

Niliondoka asubuhi. Jirani yangu Robi aliahidi kumtazama mgonjwa. Nilipanda mlima nikiwa na hasira iliyonifanya nisihisi jua, nikamkuta Bwana Dugali barazani na Bwana Nilsi, na Athanas pembeni na mafaili yake. Sikusalimu. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Ulimfundisha kaka yangu kumkumba mume wangu," nikasema. "Sasa njoo umfundishe namna ya kuingia nyumbani kwangu."

Athanas akatafsiri. Bwana Dugali akaanza tena habari ya sheria za mchezo, kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Nikamkatiza. "Mume wangu anaomba maji. Si nyama, si shamba. Maji kutoka mkononi mwa rafiki yake. Wewe umeyashika."

Aliyesema kwanza alikuwa Bwana Nilsi. Alisimama, mwekundu shingoni. "Nitampeleka kondoo mimi," akasema kwa Kiswahili chake.

"Wewe ni Swideni," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyepigwa. Huwezi kutoa."

Nilisema hivyo, mimi mwenyewe, kama Mokami! Bwana Nilsi akakaa. Kisha akazungumza na mwenzake kwa lugha yao, polepole, na sikujua anasema nini, ila niliona hamdhihaki tena. Athanas alininong'oneza: "Anamwambia akikiri, hatalisema neno hili popote. Anamwomba." Bwana Dugali akashika uso wake kwa viganja viwili. Alipoviondoa alikuwa mzee. Akaita dereva, akaagiza kondoo mweupe kutoka kwa mfugaji wa jirani, akavua viatu pale pale barazani akavirusha ndani ya lori.

Tulimpitia Mzee Mokami, naye akapanda na wazee wengine. Njia nzima nilikuwa nimemshika kondoo yule shingoni. Niliamini. Sijui kama nimewahi kuamini kitu kama nilivyoamini ndani ya lori lile.

Tulipofika langoni Heche hakuwa nje, mahali pake. Alikuwa ndani ya boma, amekaa mlangoni kwangu, kibuyu kitupu cha maji kiko mapajani.

Robi alikuwa ameshuka mtoni mara moja kuchota maji ya uji. Heche siku hiyo alitoka kazini mapema, akaja, akaita "Mura!" kama kawaida. Mimi sikuwepo kuitika, wala hakuna wa kuyachukua maneno. Akaita tena. Ndipo akasikia Nyangwine ndani anajaribu kumwita jina, sauti kama ya mtu anayekabwa. Alizunguka boma, akatafuta mtu wa kumtuma, hakumpata. Akaingia.

"Amelala?" nikamwuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Amekufa, Ghati."

Nilipiga yowe, na wanawake wakaanza kuja. Nyangwine alikuwa amelalia mkono wake mzima, kidevu kimelowa maji. Uso wake ulikuwa umetulia. Nilimfumba macho.

Nje wazee walikuwa wamesimama bila kuingia. Mzee Mokami alizungumza na Heche kwa mbali. "Mguu wako umemmaliza, mura. Ulisikia sheria." Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema Heche hatamzika mwenzake. Hatanyolewa nywele pamoja nasi wafiwa. Aondoke nchi yetu kabla jua halijazama, na jina lake lisitajwe bomani humu.

Bwana Dugali alikuwa bado amesimama peku kwenye mavi ya ng'ombe, kamba ya kondoo mkononi. Alimwuliza Athanas kondoo huyu afanyiwe nini sasa, na Athanas akamwuliza Mzee Mokami.

"Apatanishe nani na nani?" Mokami akajibu. "Arudi naye."

Nilikwenda kwa Heche. Nilikuwa nimebeba maneno ya watu hawa wawili siku zote zile, na yale ya mwisho sikuwepo kuyasikia.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Alinitazama sana. Nikadhani hanijui. Halafu akaniuliza nani alishinda."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia Swideni. Akasema, nilijua. Akanywa maji."

Athanas alikuwa akitafsiri chini kwa chini, sikumwambia aache. Bwana Nilsi aligeuka akatazama upande wa mlima. Bwana Dugali akasogea hatua moja, akasema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, bila karani, "Swideni. Kweli. Swideni walishinda."

"Ungelisema wakati wa mavuno, siku ile uwanjani," nikamwambia.

Heche aliweka kibuyu chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Hakupewa nafasi ya kwenda kwake kuchukua nguo. Alitoka langoni akashika njia ya kusini, ya kuelekea Kisaka, peke yake, na watu walimpisha mbali ili asiwaguse. Miaka ya baadaye nilisikia kwamba alionekana Robanda, akilinda mashamba ya watu yasiliwe na nyumbu. Wengine walisema siye. Sikumwona tena.

Nilitaka kumfuata hata kidogo, nimsindikize mpaka kwenye kona. Lakini mjane haiachi maiti ya mumewe, wakanishika mikono wakanirudisha ndani. Watu wote wakawa wanamlilia Nyangwine, kwa nguvu, kwa jina lake, kama inavyotakiwa. Na mimi nililia nao, jina hilo hilo, kwa sababu la pili nilikatazwa.